Safu ya maduka ya zamani imeungua: tukubali mtindo mmoja ama kila mtu ajenge vyake?

MamaVitenge

Hamjambo wote humu. Naomba mawazo ya watu wanaoelewa majengo na pia wale wamewahi kuunguliwa, manake hapa kwetu tumegawanyika na mkutano mwingine uko karibu.

Niko kwenye kituo kimoja cha ile reli ya zamani ya Kisumu kwenda Butere, nauza vitenge na kushona. Barabara yetu ya maduka ni zile duka za Wahindi za miaka ya 1930, zimeshikana ukuta kwa ukuta, paa ya mabati imeunganika kutoka mwanzo mpaka mwisho, na veranda mbele yote, ulikuwa unaweza kutoka kwa posho mill mpaka karibu na stesheni mvua ikinyesha na usilowe. Juu ya kila duka kuna ule ukuta mfupi wa mbele wenye mwaka na jina la mwenyewe, hata kama mwenyewe alishaondoka zamani. Milango ni mbao ndefu za kukunja, sakafu nyekundu ya kung'arishwa. Washonaji wote walikuwa wanakaa veranda na cherehani zao, mama yangu mmoja wao.

Moto ulianzia duka la katikati, walikuwa wanachomelea grili jioni cheche ikaingia kwa magodoro. Kile kilitumaliza ni dari. Tulikuwa tumesimama nje tunaona duka ambalo mlango wake haujaguswa hata kidogo linaanza kutoa moshi kwa mabati, halafu la pili yake, halafu lingine, na sisi tunatoa mali kwa mikono. Gari la zimamoto likifika paa ilikuwa imeshalala chini. Hakuna mtu alikufa, tunashukuru Mungu. Imebaki kipande cha veranda upande wa juu, na stoo ya kona ya mzee wa mbegu na mahindi, hiyo haikuungua kabisa, hata magunia yake hayakunuka moshi.

Sasa kuna pendekezo kwamba tukijenga tujenge safu yote kwa mtindo mmoja, urefu mmoja, veranda irudi, rangi moja, ifanane na zamani. Wenye ploti wengine wanasema hapana, wanataka ghorofa nne na vioo mbele. Wapangaji hatuulizwi chochote. Mimi nataka barabara ile irudi, nasema wazi, nimelelewa pale. Lakini nataka kujua, hii ya mtindo mmoja iliwahi kusaidia watu mahali popote ama ni mambo ya rangi na picha tu? Na mpangaji atarudi vipi?

KijanaWaPlani

Pole sana mama, na pole kwa wote wa hapo. Nimesomea mipango miji na nafanya kazi Kisumu, wacha nijaribu kukujibu vizuri juu swali lako ni la maana kuliko wengi wanavyofikiria.

Imewahi kusaidia, na si mahali pamoja. Ule mfano ninaoupenda zaidi ni Kawagoe, mji wa biashara huko Japani. Mwaka wa 1893 moto ulichoma kama theluthi moja ya mji. Wafanyabiashara walipotoka kuangalia majivu waliona kuna majengo yamesimama, yale ya kuta nene za udongo kama maghala, mojawapo ni nyumba ya ukoo wa Osawa iliyojengwa 1792. Walichofanya ni kunakili kile kilichopona. Mtu baada ya mtu akajenga duka la kuta nene za udongo, ndio maana ile barabara yao inafanana, na leo watu wanasafiri kutoka mbali kuiona. Kwa hivyo ule mfanano ulianza na swali la nani hakuungua na kwa nini, uzuri ukafuata.

Sasa soma tena kile umeandika wewe mwenyewe kuhusu stoo ya kona. Kabla mtu yeyote azungumze mambo ya rangi, nendeni mkaangalie ile stoo imejengwa vipi. Mimi naweza kukisia lakini nisiseme, kuna mafundi humu.

Mfano wa pili ni Napier, New Zealand. Hiyo ilikuwa tetemeko la ardhi, tarehe 3 Februari 1931, na moto ukafuata ukamaliza kati ya mji. Walijenga upya kwa miaka michache tu, kwa zege, majengo mafupi ya ghorofa moja mbili, na ofisi za wasanifu wa pale ziliungana zikafanya kazi pamoja badala ya kupigania wateja. Ukitembea pale hakuna majengo mawili yanafanana kabisa! Kila mwenyewe aliweka mapambo yake, wengine miale ya jua, wengine zigizaga, kuna benki moja ya 1932 waliipamba kwa michoro ya Wamaori wenyewe wa pale. Lakini urefu unakaribiana, mstari wa mbele ni mmoja, veranda ziko sawa juu ya njia ya miguu, na kazi ilifanyika wakati mmoja, kwa hivyo jicho linaona barabara moja. Walichukua pia nafasi hiyo wakapanua barabara na kuzika nyaya za umeme chini.

Hiyo ndiyo ningewaambia pale mkutanoni. Kubalianeni vitu vichache sana lakini msivilegeze: mstari wa mbele, urefu, veranda, na ukuta wa kutenganisha duka na duka. Mengine muachie mwenye ploti.

MwenyePlotiKakamega

Mama pole. Mimi nitasema upande ule mwingine juu naona hapa watu watawapiga mawe wenye ploti na si wabaya wote.

Nina ploti moja mji mwingine, duka kama hizo hizo. Kodi ya duka la chini hailipi mkopo wa kujenga duka la chini. Hesabu ni hiyo tu. Ukijenga ghorofa, zile ofisi na vyumba vya juu ndio vinabeba deni. Ukiniambia nijenge kama 1930 unaniambia nijenge hasara ili watu wapige picha. Halafu ile veranda, hizo futi nane ni za ploti yangu mimi nalipia reti, ile kodi ya ardhi ya kaunti, lakini wanaokaa pale hawalipi kitu.

Na kuna jambo hamjataja kabisa. Hizo ploti nyingi ni lisi, yaani mkataba wa kukodi ardhi, za miaka 99 kutoka wakati wa mkoloni. Lisi iliyoanza miaka ya 1930 inaisha miaka hii ya 2030. Ni benki gani itakupa pesa ya kujenga juu ya lisi imebakisha miaka michache? Kabla ya mtindo mmoja, mwambieni kila mwenye ploti aanze maombi ya kuongezewa lisi, kuna kanuni za 2017 za kuongeza na kufanya upya lisi, na mwenye lisi wa sasa ndiye hupewa nafasi ya kwanza. Wakienda pamoja kama safu itasikika haraka kuliko mmoja mmoja. Hapo ndipo mimi ningekubali kukaa kwa meza na kusikia habari za veranda.

KijanaWaPlani

Umeongea ukweli mtupu kwa lisi, na nashukuru umeileta hapa. Kwa ghorofa tusikizane. Hakuna mtu amesema mtindo mmoja ni lazima iwe duka la chini peke yake. London baada ya ule moto wa Septemba 1666, nyumba kama elfu kumi na tatu zikiwa zimeisha, sheria ya kujenga upya iligawa nyumba kwa madaraja kulingana na barabara iliyo mbele yake: vichochoroni ghorofa chache, barabara kubwa zaidi. Zote za matofali ama mawe, mbao nje hapana. Kwa hivyo safu yenu inaweza kukubaliana chini duka na juu ghorofa moja, wote, na paa zikae mstari mmoja. Ghorofa nne pekee yake katikati ya safu inawanyima majirani hewa na inaleta magari ambayo barabara haina mahali pa kuyaweka.

Lakini pia nakubali kwamba kulazimisha kunaharibu. Tokyo mtaa wa Ginza uliungua 1872 na serikali ikaamua utajengwa kwa matofali mtindo wa Ulaya, mhandisi akiwa mtu wa Ireland. Mtaa ulipendeza kwa macho. Watu walilalamika nyumba zina unyevu, hazipiti hewa, bei hawaiwezi, na nyingi zikakaa tupu kwa muda. Mtindo ulitoka juu, haukutoka kwa wale wanaofungua mlango asubuhi. Ndio sababu mkutano usiwe wa wenye ploti peke yao.

fundi_mawe

Nimejenga na kubomoa duka kama hizo huku Vihiga mpaka Siaya, wacha niseme ya fundi.

Dada, moto wenu ulipita kwa dari juu kuta za kati zinaishia kwa dari. Ukisimama ndani unaona ukuta umekutenga na jirani, lakini panda ngazi utoe ubao mmoja wa dari, utaona mpaka mwisho wa safu, mbao kavu za miaka tisini, vumbi, viota vya ndege, nyaya za umeme za kila mtu zimelala hapo. Moto ukiingia hapo ni njia kuu. Na ile stoo ya kona nina hakika kama naiona: ukuta wake umepita juu ya mabati ukatokeza. Wahindi walikuwa wanajenga stoo ya nafaka hivyo. Nendeni mkaangalie mnirudishie jibu.

Kwa hivyo kitu cha kwanza kwa plani ni ukuta wa kati wa matofali inchi tisa, usiwe wa sita, uende mpaka juu ya paa na utokeze futi moja na nusu hivi. Mbao ya paa isivuke kutoka duka moja kwenda lingine, iishie kwa ukuta. Mabati pia yakatwe hapo, uweke flashing, ile bati ya kuziba maji yasiingie kwa ukuta. Tundu la waya lizibwe kwa simiti, si kwa gazeti, nimeona gazeti. Gharama inaongezeka ndiyo, lakini ukuta wa kati ni wa watu wawili, mnagawana nusu kwa nusu.

Na kuta zilizobaki, msikubali mtu aje na tingatinga asukume zote siku moja. Nyingi zitafaa. Matofali ya kuchoma yalishazaliwa kwa moto, hayaogopi sana. Kile kinaisha ni udongo uliyoyashika. Chukua bisibisi uchokore kati ya matofali, ikiingia kama kwa ugali huo ukuta hauna kitu, bomoa. Ikikataa, shusha timazi kutoka juu uone kama ukuta umeegemea nje, juu paa ikianguka huwa inavuta. Mawe yale ya kienyeji pia angalia kama yamepasuka maganda. Zege ndio ya kuogopa: zile linta na bimu za juu ya mlango. Zege ikipata joto la nyuzi 300 hivi inageuka rangi ya pinki. Ukiona pinki usipake plasta juu yake kuificha, ita injinia aje aipime. Chuma kikipita nyuzi 600, wakati wa joto hilo kinakuwa na chini ya nusu ya nguvu, na kama kilipoteza nguvu hata baada ya kupoa huwezi kuiona kwa macho kikiwa ndani.

MamaVitenge

Fundi umenishtua. Tulienda na mzee mwenyewe, ukuta wa stoo umepita mabati kweli, pande zote mbili, na upande wa kwetu umechomeka mpaka mweusi lakini hakuna ufa. Mzee anasema babu yake aliyeuziwa hiyo stoo aliambiwa usiwahi kushusha huo ukuta, hawakujua ni kwa nini.

Nimepiga picha nitapeleka mkutanoni. Sasa bado swali la wapangaji jameni. Tumeskia landilodi mmoja ameanza kusema mkataba uliisha siku ya moto.

Nyar_Yala

Mimi sina elimu ya majengo lakini nimesikia uchungu hapo kwa veranda. Yule ndugu anasema wanaokaa veranda hawalipi kitu. Mteja anakuja kwa nini kwa duka lako la vitambaa? Juu fundi wa kushona ako mlangoni. Mwenye viatu anakaa hapo, mwenye simu, mama wa chai. Jua la saa nane la huku unalijua, na mvua ya saa kumi. Mkijenga vioo vimeangalia barabara bila kivuli watu watapita haraka upande ule mwingine. Nimeona kwa macho yangu miji mingine huku kwetu, jengo jipya linang'aa na chini pamefungwa kwa mapazia ya gunia kuzuia jua.

Rangi mimi hata sijali. Wapake wanavyotaka, kampuni za simu zitakuja zipake zao tu.

WakiliWaMtaani

Kwa wapangaji. Msikubali hiyo ya mkataba uliisha siku ya moto, si rahisi hivyo.

Kenya kuna sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na nyumba za chakula, Sura ya 301. Kama mkataba wako haukuandikwa, ama uliandikwa lakini ni wa miaka isiyozidi mitano, mara nyingi wewe ni mpangaji anayelindwa na hiyo sheria. Landilodi akitaka kukutoa ni lazima akupe notisi kwa fomu inayotakiwa, na isiwe chini ya miezi miwili, na aseme sababu. Kujenga upya ni sababu inayokubalika kisheria, lakini ni lazima awe anakusudia kweli kujenga, na wewe una haki ya kupinga mbele ya baraza la kodi za nyumba za biashara kabla notisi haijaanza kufanya kazi. Ukikaa kimya muda ukapita umejifunga mwenyewe. Kuungua kabisa kwa jengo kunaleta maswali magumu zaidi, na hapo kila kesi ni yake, kwa hivyo tafuteni wakili mmoja kwa kikundi, pelekeni risiti zote za kodi hata za Mpesa, zinaonyesha nani alikuwa mpangaji wa duka gani na kwa muda gani. Kama karatasi ziliungua, simu bado ina meseji.

Bwana wa mipango ametaja London. Kuna sehemu ya hiyo habari hajasema na ndiyo inawahusu nyinyi. Pamoja na sheria ya matofali waliunda mahakama maalum ya moto, majaji walikaa kusikiza landilodi na mpangaji nani alipe kujenga. Mikataba ya wakati huo ilimbebesha mpangaji mzigo wa kutengeneza na hata kulipa kodi ya nyumba iliyo majivu. Majaji walikuwa wanagawa: mpangaji akikubali kujenga anaongezewa miaka kwa lisi na kupunguziwa kodi, asipoweza anaachilia na landilodi anajenga. Haraka, bila kesi za miaka. Nyinyi hamna mahakama hiyo lakini mnaweza kuandikiana makubaliano kama hayo: wapangaji wachange kitu kwa paa ama milango, na wao waandikiwe nafasi ya kwanza kurudi na kodi isiyopanda kwa muda mtakaokubaliana. Iandikwe, isainiwe, na iambatanishwe na maombi ya kibali cha ujenzi. Maana kibali ni lazima, sheria ya mipango ya 2019 haimruhusu mtu kuanza kujenga bila idhini ya kaunti, na hapo ndipo mtapata nafasi ya kusema.

MwenyePlotiKakamega

Hiyo ya kuchanga na kuandikiwa kodi mimi ningeiangalia. Mpangaji akileta milango na mabati mimi nikafanya kuta na ghorofa ya juu, deni langu linapungua. Lakini iwe kwa karatasi kwa pande zote mbili, nimeona pia mpangaji akaahidi na akatoroka.

MamaVitenge

Asante sana nyote, hii sikutegemea. Wakili, nimeanza kukusanya meseji za malipo za wenzangu, wengi wanazo. Kitu kingine, tukisubiri mpaka wajenge tutakula nini? Wengine wanauza chini kwa turubai sasa na askari wa kaunti wanakuja.

KijanaWaPlani

Mama hiyo iwe ombi la kwanza kabisa, hata kabla ya plani ya majengo. Napier walitengenezea wafanyabiashara kijiji cha maduka ya mabati kwenye bustani ya katikati ya mji, wakakiita mji wa bati, watu wakauza hapo wakati kati ya mji inajengwa. Bila hiyo wateja wenu watazoea soko lingine na hata mkijenga vizuri namna gani hamtawapata tena. Ombeni kwa maandishi mahali panapojulikana, karibu na barabara ile ile, pa muda, na orodha ya majina ya wapangaji iambatanishwe. Hiyo orodha itawasaidia mara mbili, kwa vibanda na baadaye kwa kurudi.

fundi_mawe

Na kama hamjafanya, wiki hii pimeni kile kipande cha veranda kimebaki, na mfanye kabla mtu hajakiuza vyuma chakavu. Chukueni tepu na kijana mwenye mwandiko mzuri. Upana kutoka ukuta mpaka nguzo. Nguzo mpaka nguzo. Urefu wa nguzo kutoka sakafu. Sakafu imepanda kiasi gani kutoka barabara, hiyo muhimu sana juu mkipandisha barabara kwa lami maji yatawaingilia. Mteremko wa paa ya veranda. Pigeni picha ya kile kichwa cha nguzo na jinsi mbao imekalia hapo. Tumeni hapa, nitawachorea vipimo bure, na nitawaambia kama hizo nguzo ni chuma cha kumwaga ama ni bomba, manake za kumwaga zikipata moto halafu zikamwagiwa maji zinapasuka na lazima zigongwe moja moja kabla hamjazibebesha paa mpya.